Tulirekodi Wimbo Bila Kukutana

(Haya ni maneno ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha uimbaji, aliyoyasema mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, kwa sababu wengi waliomba nakala.)

 

Nimeambiwa niongee nusu saa na nisipitishe, maana sufuria ziko motoni na harufu mnaisikia. Kwa hivyo nitaanza na swali ambalo wengi wenu mmeniuliza pale nje. Mnasema, "Mweka hazina, ni kweli mlitoa wimbo na watu ambao hamjawahi kuketi nao?" Ndiyo, ni kweli. Tumetoa wimbo mmoja vibaya, na mwingine vizuri kiasi. Leo nataka niwaambie yote mawili, hasa ule wa kwanza.

Kikundi chetu kina wanachama kumi na wanne. Tulipoanza, sote tulikuwa kijiji kimoja na tukifanya mazoezi Jumamosi jioni. Lakini mnajua maisha. Mmoja akaenda Nairobi kutafuta kazi. Mwingine akaolewa Mombasa. Dada yetu wa sauti ya pili, ambaye ndiye nguzo ya sauti hiyo, akapata kazi ya nyumbani huko Doha. Mchango wake wa kila mwezi anatuma bila kukosa, lakini sauti yake tukabaki bila. Tukafikiri kikundi kimekufa.

Ni kijana wetu mmoja aliyesema, "Kwani lazima tuwe chumba kimoja?" Wazee wakamcheka. Nami nilicheka.

Kumbe jambo hili halikuanza jana. Nitawapa mfano wa watu wawili wa Marekani. Mmoja, Jimmy Tamborello, alikuwa Los Angeles. Mwingine, Ben Gibbard, alikuwa Seattle. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano. Huyu wa Los Angeles alikuwa akitengeneza muziki wa vyombo, anautia katika bahasha na kuutuma kwa posta. Mwenzake akiupokea anaongeza maneno na sauti yake, anarudisha. Bahasha inaenda, bahasha inarudi. Mwaka wa 2003 wakatoa albamu, na kwa sababu posta ndiyo iliyowaunganisha, wakajiita The Postal Service. Shirika la posta la Marekani likawaandikia barua kali, kwamba jina hilo lina mwenyewe! Baadaye walielewana, wakaruhusiwa kulitumia kwa makubaliano ya maandishi. Albamu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni moja huko kwao. Nawaambia hivi ili mwone kwamba hata jina la kikundi lina mwenyewe, na kwamba barua moja yenye sahihi ilimaliza ugomvi ambao ungewapeleka kortini.

Mwingine ni mtunzi wa nyimbo za kwaya, Eric Whitacre. Mwaka wa 2009 msichana mmoja alijirekodi nyumbani akiimba sauti yake katika wimbo wa Whitacre, akauweka kwenye intaneti. Mtunzi alipoona akawaza, je, wakifanya hivyo watu wengi? Akajipiga video akiongoza kwaya ambayo haipo, anapunga mikono peke yake chumbani kimya kimya. Waimbaji wakamtazama kwenye kompyuta zao, kila mtu kwake, wakaimba. Mwaka wa 2010 sauti za watu 185 kutoka nchi 12 zikaunganishwa kuwa kwaya moja. Na mwaka wa 2020, wakati wa Korona, watu walipofungiwa majumbani, waliimba watu 17,572 kutoka nchi 129. Sasa ninyi mnaolalamika kwamba wanakikundi kumi na wawili hawafiki mkutanoni kwa wakati, mnaonaje hapo?

Haya, turudi kwetu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani tutaimba pamoja kwenye simu. Tukapiga ile simu ya kikundi ya WhatsApp, mwalimu akahesabu, moja, mbili, tatu, tukaanza. Wee! Ilikuwa kelele ya soko. Kila mtu alikuwa akisikia mwenzake amechelewa, anapunguza mwendo amngoje, na mwenzake naye anamngoja yeye. Wimbo ukapungua mwendo mpaka ukasimama wenyewe kama punda aliyechoka.

Mwalimu alitueleza baadaye sababu yake. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ukiimba na mtu aliye mita kumi kutoka kwako, sauti yake inakufikia baada ya sehemu kama 30 za elfu moja ya sekunde. Hapo bado mnaweza kwenda pamoja, lakini mmefika karibu na mpaka. Simu ya intaneti nayo inaweza kuchelewa robo ya sekunde, wakati mwingine hata zaidi. Robo ya sekunde ni kama kuimba na mtu aliyesimama mita 85 kutoka kwako. Yaani wewe uko goli hili la uwanja wa shule na mwenzako anakaribia goli lile lingine. Hata muwe hodari namna gani, hamtaenda pamoja. Kwa hivyo msipoteze bando zenu.

Njia ni ile ya bahasha. Mmoja anaanza, anatuma. Mwingine anasikiliza, anaongeza yake, anatuma.

Sisi tulifanya hivi. Kwanza mwalimu alirekodi wimbo mzima kwa kinanda, na nyuma yake kuna mlio wa tik, tik, tik wa kushika mwendo. Hiyo ndiyo rekodi ya kuongoza. Haitauzwa na haitasikika kwa watu, ni kama kamba ya fundi wa nyumba. Ukuta ukiisha kamba inatolewa. Mwalimu alitutumia rekodi hiyo sisi sote. Kila mwimbaji akawa na simu mbili: moja inacheza ule muziki, naye anausikia kwa visikizio vya kutia masikioni, na ya pili inarekodi sauti yake peke yake. Mwenye simu moja aliazima ya jirani. Ni lazima uvae visikizio, kwa sababu usipovaa, simu inayorekodi itachukua sauti yako pamoja na kinanda, na vikishashikana hivyo hakuna wa kuvitenganisha.

Pia mwanzoni, kabla ya kuimba, kila mtu alipiga kofi moja pamoja na mlio wa nne wa tik. Kofi hilo ni muhimu sana. Yule anayeunganisha sauti anaweka makofi yote mahali pamoja, basi nyimbo zote zinaanza sawa.

Mahali pa kurekodia nako kuna shida zake. Nyumba ya mabati ni adui mkubwa. Mvua ikinyesha, umefunga kazi. Jua likiwaka, mabati yanalia ta! ta! yakipanuka, na simu inasikia kila kitu. Rekodi ya kwanza ya mzee wetu wa besi ina jogoo ndani yake, na huyo jogoo aliimba kwa sauti ya juu kuliko mzee. Tuligundua kwamba saa nzuri ni saa nne usiku, watoto wamelala, redio za majirani zimezimwa. Unasimama kona ya chumba, nyuma yako umetundika blanketi, mbele umesimamisha godoro. Utaona joto, lakini sauti inakuwa kavu na safi. Simu uiweke mbali na mdomo kiasi cha shibiri mbili, na uifunge isipokee simu, maana shemeji anaweza kupiga katikati ya kibwagizo.

Kutuma nako kuna jambo tulilojifunza kwa hasara. Tulirekodi kwa ile njia ya kubonyeza na kuongea ya WhatsApp, unayotumia kumwambia mtu alete unga. Sauti hiyo hubanwa ili iwe nyepesi. Kwa unga inafaa. Kwa wimbo, ni kama umekamua nguo mpaka rangi imetoka. Rekodi kwa programu ya kurekodi iliyo kwenye simu, halafu tuma kama faili, ile sehemu ya kutuma dokumenti. Ikiwezekana iwe WAV. Dakika moja ya WAV ya sauti moja ni kama megabaiti tano, basi wimbo wa dakika nne ni kama ishirini na moja. Ni bando ya siku moja, si kitu cha kuuzia kuku.

Kuunganisha sasa. Kuna programu za bure. Audacity inatumika kwenye kompyuta, na BandLab inafanya kazi hata kwenye simu, na watu mbalimbali wanaweza kuingia katika wimbo mmoja kila mtu akaweka sauti yake. Sisi hatukuwa na ujuzi huo wala kompyuta. Tulipata mpiga kinanda wa mji mwingine, rafiki wa mpwa wangu, ambaye mpaka leo sijamwona kwa macho. Na tukampata kijana mmoja mjini mwenye studio ndogo ambaye angechanganya sauti zote. Tukaelewana naye kwa mdomo shilingi elfu sita. Tukamlipa elfu tatu, tukasema zingine tutaleta mavuno yakitoka.

Hapa ndipo ninaomba mnisikilize vizuri.

Wimbo huo wa kwanza ulitungwa na mama mmoja fundi wa nguo katika kikundi chetu. Aliutunga akiwa kwenye cherehani, maneno na sauti. Yuko hapa leo, ameketi kule nyuma, hataki nimtaje jina. Kijana wa studio alifanya kazi nzuri, siwezi kumkosea hapo. Alitutumia wimbo ukiwa umekamilika, tukalia machozi. Mtu wa Doha na mtu wa Mombasa na sisi wa hapa, sauti moja. Tukafurahi, tukaurushia jamaa zetu wote, tukalala.

Baada ya miezi minne hivi, huyu mama alimpigia shemeji yake simu. Kabla shemeji hajapokea, badala ya ule mlio wa kawaida, akasikia wimbo. Akasikia sauti yake mwenyewe. Akafurahi sana, akidhani shemeji ameupenda. Shemeji alipopokea akamwambia, "Huu wimbo niliununua kwa ujumbe wa simu, ni wa fulani." Akamtajia jina la kijana wa studio. Jina lake peke yake. Hapakuwa na jina la kikundi wala la mtunzi.

Tulikwenda kwake watu watano. Tulikwenda kwa hasira, nikiri hivyo. Naye akatuuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Elfu tatu zangu ziko wapi?" Mavuno yalikuwa yametoka zamani na tulikuwa tumesahau. La pili: "Mliniambia lini wimbo ni wa nani, na nani aupeleke wapi?" Tukabaki tukiangaliana. Hatukuwa na karatasi hata moja. Sisi, ambao kwa kuku wa kikundi tunaandika kila yai!

Wazee walituketisha pamoja. Kijana alikubali kuuondoa wimbo mahali alipouweka, nasi tukamlipa deni lake. Sehemu moja uliondoka. Sehemu nyingine bado uko mpaka leo kwa jina lake, anasema amesahau neno la siri. Pesa alizopata alituonyesha: shilingi 1,140, na alikwisha kuzitumia. Tukasamehe. Kusema kweli hazikuwa pesa zilizouma. Yule mama alikaa miezi miwili bila kuja mazoezini. Aliniambia, "Mweka hazina, nikifa wajukuu wangu watasikia wimbo huu na wataambiwa ni wa mtu mwingine." Sikuwa na la kumjibu.

Wengine mtasema, hayo ni mambo madogo ya kijijini. Basi sikilizeni habari za Solomon Linda. Alikuwa Mzulu, mfanyakazi wa kawaida huko Johannesburg, akifungasha sahani za santuri katika kampuni ya kurekodi. Mwaka wa 1939 yeye na wenzake walirekodi wimbo wake uitwao Mbube, yaani simba. Haki za wimbo aliziuza kwa kampuni hiyo kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, na mwaka wa 1961 ukavuma Marekani kwa jina lingine, The Lion Sleeps Tonight. Mwaka wa 1994 ukaingia katika filamu ya The Lion King, ambayo hata watoto wenu wameiona. Dunia nzima iliuimba. Linda mwenyewe alikufa maskini mwaka wa 1962. Binti zake walikwenda kortini, na makubaliano yakapatikana mwaka wa 2006. Hesabuni wenyewe, ni miaka 44 baada ya baba yao kuzikwa.

Na hapa kwetu, wimbo wa Malaika. Nani hajauimba? Marehemu Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kujulikana nao, lakini wako pia wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Nyimbo zinaishi kuliko watu, na mashahidi wanazikwa.

Sheria inasema nini? Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Wimbo wako ukishauandika au kuurekodi, hata kwenye simu, hakimiliki ni yako papo hapo. Huhitaji kununua kitu. Lakini siku ya ubishi utaulizwa ushahidi, na kwa hivyo kuna kuandikisha wimbo kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, jambo linalofanyika kwa intaneti. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo yule mama ana haki ya kuwafikiria wajukuu. Na mtu akisema ulimpa wimbo uwe wake kabisa, neno la mdomo halina nguvu, lazima kuwe na maandishi yenye sahihi yako. Kwa hivyo akina mama, msitie sahihi karatasi msiyoisoma. Mwambieni mtoto wa sekondari awasomee.

Jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa ni kwamba katika wimbo mmoja kuna mali mbili. Kuna wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti, huo ni wa mtunzi. Halafu kuna rekodi, ile faili iliyotengenezwa, na hiyo ni mali nyingine. Ni kama mbegu na shamba. Mama anaweza kuwa mwenye mbegu, na kikundi pamoja na mpiga kinanda wakawa wenye shamba. Mwingine akitaka kuuimba upya kwa sauti yake, anamwendea mwenye mbegu. Akitaka kuutumia uleule mlioimba ninyi, anawaendea wote.

Na kama ni wimbo wa nyanya zetu, ule wa kupura mtama au wa kubembeleza mtoto, msiandike kwamba mmeutunga ninyi. Andikeni ni wa jamii gani, na ninyi mmeupanga tu. Tangu mwaka wa 2016 iko sheria ya kulinda mambo hayo ya jadi. Hata bila sheria, nyanya angekasirika.

Basi tulipofanya wimbo wa pili, tulianza na kaunta buku kabla ya kinanda. Yule mama akaimba wimbo wake kwanza kwenye simu yake, ukakaa humo na tarehe yake. Halafu tukafungua ukurasa. Tukaandika nani ametunga maneno, nani sauti, nani amepanga sauti nne. Tukagawa wimbo: mama sehemu 70 katika mia, mwalimu 30. Hapo hapakuwa na shida.

Rekodi ndiyo iliyotutoa jasho. Mpiga kinanda tukampa 15. Mchanganyaji mpya tukamlipa pesa zake zote mkononi, na bado tukampa 15, maana bila yeye ni makelele matupu. Zikabaki 70. Mmoja akasema, dada wa Doha ameimba sauti ya pili yote peke yake, usiku, baada ya kazi, wakati besi wako watatu na mmoja wao hata hasikiki. Je, apate sawa nao? Mwingine akasema kikundi ni kikundi. Tulibishana saa mbili, chai ikapoa. Mwisho tukampa yeye 10 za peke yake, na 60 zikawa za kikundi chote pamoja naye. Labda tulikosea. Kuna mzee ambaye bado hanisalimii vizuri kwa sababu hiyo. Lakini tulibishana kabla ya pesa kuja, na kila mtu alitia sahihi. Walio mbali walipigwa picha ya ukurasa, wakajibu "Nimekubali" kwa jina na tarehe, nami nimehifadhi majibu hayo.

Tukaandika pia mambo ambayo mtu hapendi kuyataja. Mwanachama akifa, sehemu yake iende kwa nani. Akiondoka kikundini, je, anaendelea kupata? Tukasema ndiyo, kwa nyimbo alizoimba. Mtu wa siasa akitaka wimbo wakati wa kampeni, usitolewe mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali, na mtunzi awe mmoja wao. Na neno la siri la akaunti liko katika bahasha mbili, moja kwangu na moja kwa katibu. Akaunti yenyewe imefunguliwa kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu.

Kuhusu kuupeleka wimbo sokoni nitasema kwa kifupi. Kuna wasambazaji wa intaneti ambao mnawapa wimbo mmoja nao wanaupeleka Boomplay, Spotify, YouTube na kwingineko. Wengine wanataka ada ya kila mwaka, wengine wanakata asilimia. Someni kama wanachukua haki zenu au wanasambaza tu, hayo ni mambo mawili tofauti. Rekodi itapewa namba yake, inaitwa ISRC, tarakimu na herufi kumi na mbili, kama namba ya kitambulisho. Iandikeni kwenye kaunta buku. Mkitaka pesa za wimbo kupigwa redioni na hotelini, mjiunge na shirika la kukusanya mrabaha, lakini kwanza ulizeni KECOBO ni lipi lenye leseni mwaka huo, maana leseni hizo zimekuwa na vuta nikuvute. Na ile milio ya simu, sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2022 inasema mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52.

Msije mkaenda nyumbani mkadhani nimewaletea ng'ombe wa maziwa. Spotify, tangu mwaka wa 2024, hawalipi chochote kwa rekodi ambayo haijasikilizwa mara elfu moja katika miezi kumi na miwili. Wimbo wetu wa pili, tangu utoke, umeleta shilingi 2,310 kwa jumla. Mbuzi hununui. Tuligawa kwa ule ukurasa, na mzee mmoja wa besi alipata shilingi tisini na tisa kwa M-Pesa. Alinionyesha ule ujumbe kana kwamba ni hundi ya kahawa. Akasema, "Hizi nimezipata kwa kuimba." Hajautoa kwenye simu mpaka leo.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni, kama kikundi chao si cha uimbaji, haya yanawahusu nini? Mama, ninyi mnasuka vyondo. Michoro yenu mnaipiga picha mnaituma kwa watu msiowajua. Nitakuja kwenu siku nyingine tuongee.

Sasa tuna wimbo wa tatu. Ukurasa umeshatiwa sahihi, safari hii tulimaliza kwa nusu saa. Sauti ya kwanza iko, besi iko bila jogoo. Sauti ya pili ilifika Ijumaa usiku kutoka Doha. Ina mvumo wa mashine ya kupoza hewa nyuma yake, na mchanganyaji anasema huenda tukamwomba dada arudie, lakini siku yake ya kupumzika ni moja kwa wiki, kwa hivyo tutangoja. Mwenyekiti ananiangalia, najua. Nimeibeba hapa kwenye simu. Kijana, hebu lete ile spika karibu, muisikie ikiwa peke yake.